UZI: Kuhama kutoka mfumo wa FoxPro wa SACCOS bila kupoteza hata shilingi moja

Fundi_Leja (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Bado zipo SACCOS zinazotunza hisa, akiba na mikopo kwenye programu ya FoxPro (mfumo wa kanzidata wa Microsoft) ya miaka ishirini na ushee iliyopita. Imekaa kwenye folda moja ya seva, na makarani wote wanaifungulia hapo. Inafanya kazi, hilo halina ubishi. Ila Microsoft walitoa Visual FoxPro 9 mwishoni mwa 2004, Machi 2007 wakatangaza kwamba hakuna toleo jingine, na Januari 2015 msaada wote ukafikia kikomo. Windows 10 nayo ilifika ukingoni Oktoba 2025. Bodi ikisikia hivyo inatangaza zabuni, mzabuni anakuja na skrini zinazong'aa, wanahama, na mwezi wa tatu urari haufungi.

Uzi huu ni wa ile sehemu ambayo mzabuni haionyeshi: data inatokaje huku, inaingiaje kule, na unajuaje kwamba imefika nzima. Ugumu uko hivi: masharti ya mikopo ya chama yameandikwa mara mbili, mara moja kwenye kabrasha la bodi na mara nyingine ndani ya programu. Mara nyingi hayalingani, na wanachama wamekuwa wakikatwa kwa yale ya ndani ya programu.

Anza na nakala. Nakili folda nzima usiku, karani yeyote akiwa hajaingia. Usichukue DBF (faili la jedwali lenyewe) peke yake, kila DBF ina ndugu zake: FPT inabeba maelezo marefu, CDX ni faharasa, na DBC pamoja na DCT na DCX ndiyo kanzidata yenye kanuni za fildi. Ukiacha FPT nyuma, jedwali lake linagoma kufunguka. Piga SHA-256 (alama ya utambulisho inayobadilika faili likiguswa hata kidogo) ya kila faili, iandike, nakala iwe ya kusoma tu, na majaribio yote yafanyike kwenye nakala ya nakala hiyo.

Kisha hakikisha kila jedwali ni zima. DBF inajieleza yenyewe kwenye baiti zake za mwanzo. Ukihesabu kuanzia 0, baiti ya 4 hadi ya 7 ni idadi ya rekodi, ya 8 na 9 ni urefu wa kichwa, ya 10 na 11 ni urefu wa rekodi moja. Tuseme jedwali la miamala lina fildi 18. Kichwa chake kwenye Visual FoxPro ni baiti 32, jumlisha 32 kwa kila fildi, jumlisha 1, jumlisha 263: jumla 872. Rekodi moja ni baiti 142 na faili lote ni baiti 61,203,441. Toa 872, toa baiti moja ya alama ya mwisho wa faili, gawa kwa 142, unapata 431,004 kamili. Kichwa kikisema 430,997, basi kuna rekodi saba ziko kwenye diski lakini programu haizioni. Mara nyingi ni umeme uliokatika katikati ya kuandika. Ukipata desimali, faili limekatika au kuna takataka mwishoni, na usiendelee mpaka ujue ni lipi.

Jambo jingine linalowaangusha wengi ni kwamba FoxPro haifuti. Karani akifuta, programu inaweka nyota (2A kwa heksa) kwenye baiti ya kwanza ya rekodi badala ya nafasi tupu (20), na amri ya SET DELETED ON inaificha. Rekodi inabaki palepale mpaka mtu aendeshe PACK, amri ya kuziondoa kabisa. Zana ya kuhamisha isiyoijua nyota itafufua mikopo iliyofutwa na vocha zilizobatilishwa. Kwa Python, maktaba ya dbfread inazitenga vizuri, zilizo hai upande wake na zilizofutwa upande wake. Hamisha zote, ila zilizofutwa ziende kwenye jedwali la kumbukumbu. Mkaguzi ataziulizia.

Pokea data kwanza kwenye majedwali ghafi ya PostgreSQL (kanzidata ya kisasa): kila fildi kama maandishi, jina lilelile, bila kusahihisha kitu. Usafishaji uwe hatua ya pili, kwa SQL (lugha ya kuhoji kanzidata) iliyohifadhiwa kwenye faili, ili ukiurudia mara kumi upate jibu lilelile. Zana ya pgloader inasoma DBF moja kwa moja na ina kasi, lakini kwa fedha za watu mimi nashikilia hatua ghafi. Mtu akishasahihisha kwa mkono katikati ya safari, ushahidi umepotea.

---

Mama_Urari

Umeanza vizuri Fundi. Naongeza upande wa wahasibu, maana IT wakimaliza wanasema "rekodi zote zimeingia" wakidhani kazi imekwisha.

Idadi ya rekodi haitoshi. Kabla ya kuhama, toa jumla hizi kutoka mfumo wa zamani, zichapwe na zisainiwe: wanachama kwa hali yao (hai, waliojitoa, marehemu), hisa, akiba kwa kila aina, salio la mikopo kwa msingi, riba inayodaiwa na adhabu kila moja peke yake. Zigawe kwa tawi na kwa mwaka mkopo ulipotolewa. Ukigawa hivyo, tofauti ikijitokeza unajua uitafute wapi.

Linganisha pande tatu, msiishie mbili. Mifumo hii ya zamani huwa na salio limeandikwa kwenye rekodi ya mwanachama, halafu ipo miamala ambayo ukiijumlisha unapata salio, halafu ipo leja kuu. Msishangae zikiwa namba tatu tofauti kabla hamjahamisha chochote. Hilo litatuliwe kwenye mfumo wa zamani, na mhasibu, kwa vocha. Mkilibeba hivyo hivyo, mfumo mpya ndio utalaumiwa.

Na jumla zikilingana bado msilale. Mwanachama mmoja akipungukiwa 50,000 na mwingine akizidi 50,000, jumla inakaa sawa kabisa. Linganisheni mwanachama mmoja mmoja, mkopo mmoja mmoja. Kwenye SQL mtumie FULL OUTER JOIN (inayoonyesha waliopo upande wowote), kwa sababu LEFT JOIN inakuonyesha waliopotea tu na kuwaficha waliozaliwa njiani. Kila tofauti iandikwe sababu yake na jina la aliyeikubali. Asije mtu akafungua "akaunti ya muda" ya kumezea tofauti kisha ikabaki pale miaka minne.

---

kijana_wa_msimbo

Shikamooni wakubwa. Swali: kwa nini tusitoe kila jedwali kwenda Excel, tukasafisha humo, tukapakia kwenye mfumo mpya? Wahasibu wote wanaijua Excel na wanaweza kusaidia.

---

Fundi_Leja

Marahaba. Excel ni nzuri kwa kutazama ripoti ya tofauti. Kupitishia data ndani yake ni hatari, na hatari yenyewe haipigi kelele.

Namba ya mwanachama 00417 inakuwa 417. Namba ya simu iliyoandikwa 2557 na kuendelea ina tarakimu 12, Excel inaionyesha 2.55754E+11, na ukihifadhi kama CSV hicho ndicho kinachoandikwa. Kubwa kuliko zote ni namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na Excel inashika tarakimu 15 tu za namba. Kama imeandikwa bila vistari, tarakimu tano za mwisho zinageuka sifuri. Ukiangalia haraka huoni kitu, namba bado ni ndefu na inaanza na tarehe ya kuzaliwa kama kawaida. Utagundua siku ya kuhakiki utambulisho wa wanachama, na kufikia hapo hakuna wa kurekebisha ila kuwaita mmoja mmoja na kadi zao.

Tarehe nazo. FoxPro inaruhusu tarehe tupu, ambayo si sawa na NULL (thamani isiyojulikana). Ukisoma kupitia VFPOLEDB (kiunganishi cha Microsoft cha kusoma data ya FoxPro), tarehe tupu inatoka kama 30/12/1899. Ukiona wanachama wamezaliwa siku hiyo, ujue ni fildi tupu, igeuze kuwa NULL. Na VFPOLEDB ni ya biti 32 tu, kwa hiyo zana ya biti 64 haitaiona hata ukiisakinisha mara tano. Pale programu ilipoendeshwa na SET CENTURY OFF, karani aliandika mwaka kwa tarakimu mbili na mashine ikajaza karne. Tafuta waliozaliwa baada ya tarehe ya kujiunga, utawakuta wazee wa 1948 wameandikwa 2048.

Halafu majina yenye ng'. Hili halimo kwenye vitabu vya wenzetu. Ng'ang'a anaweza kuwa ameandikwa na alama iliyonyooka (27 kwa heksa), na alama iliyopinda ya Windows (92), au na alama ya mshazari ya kibodi ya zamani (60). Kwa macho ni mtu yuleyule, kwa kompyuta ni watu watatu. Tunza jina lilivyoandikwa, ila tengeneza fildi ya kutafutia ambamo alama zote tatu zimekuwa moja. Na mpangaji programu anayeunganisha SQL kwa kubandika maandishi, jina la kwanza lenye ng' litamvunjia amri yake ya SQL. Hapo utakuwa umejua pia kwamba mfumo mpya una tundu la usalama.

---

Mkaguzi_wa_Zamu

Nimesubiri mfike kwenye riba.

Chukua mkopo wa 3,000,000, miezi 24, riba 1.5% kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Kwa kanuni, rejesho ni 149,772.31. Mifumo mingi ya zamani inapandisha hadi mia inayofuata, 149,800, na rejesho la mwisho linashuka kufidia, hadi karibu 149,007. Kabrasha la bodi halisemi popote kuhusu kupandisha. Mpangaji programu mpya atasoma kabrasha, ataweka 149,772.31, na siku ya kwanza kila mwajiri anayekata mshahara atapokea orodha isiyofanana na ya mwezi uliopita.

Sasa sogea karibu. Mwezi wa kwanza riba ni 45,000, msingi unalipwa 104,800, salio 2,895,200. Mwezi wa pili riba 43,428, salio 2,788,828. Mwezi wa tatu riba 41,832.42, inaandikwa 41,832, salio 2,680,860. Mwezi wa nne riba ni 40,212.90. Kama mfumo wa zamani unatumia INT, unakata desimali: 40,212. Kama mpya unatumia ROUND, ni 40,213. Miezi mitatu mizima mifumo yote miwili imelingana shilingi kwa shilingi, wa nne wameachana. Ndiyo maana jaribio la mwezi mmoja halithibitishi kitu. Shilingi moja kwa mikopo 1,800 ni shilingi 1,800 kwa mwezi. Fedha hizo ni kidogo, lakini leja kuu na leja ndogo hazifungi tena, na kila mwezi mhasibu anaanza kutafuta upya.

Hata ROUND si moja. FoxPro ikikuta nusu inapandisha. Round ya Visual Basic 6 inaenda kwenye namba shufwa iliyo karibu, hivyo 2.5 inakuwa 2. Python iko hivyo hivyo, na Math.Round ya .NET usipoiambia vingine inafanya vivyo hivyo. PostgreSQL kwa aina ya numeric inapandisha, kwa double precision kwa kawaida inaenda kwenye shufwa. Fedha ziwekwe numeric(18,2), na hesabu ya riba iandikwe mahali pamoja tu. Ikiandikwa mara moja kwenye skrini, mara moja kwenye ripoti na mara moja kwenye ujumbe wa simu, zitatofautiana.

Tarehe ya rejesho pia ina mtego. Mkopo uliotolewa 31 Januari: GOMONTH, amri ya FoxPro ya kusogeza miezi, inakupa 28 Februari (29 mwaka mrefu). Kama programu inahesabu kutoka tarehe ya awali, linalofuata ni 31 Machi. Kama inahesabu kutoka rejesho lililopita, ni 28 Machi, na itabaki 28 hadi mwisho wa mkopo. Siku tatu hizo ndizo zinaamua nani anatozwa adhabu.

Na mwisho, SET EXACT OFF. Kwa hali hiyo FoxPro inalinganisha maandishi hadi pale upande wa kulia unapoishia, hivyo "10234" = "1023" inajibu kweli. Chama kilipofika wanachama wa tarakimu tano, yawezekana kuna malipo yaliyoingia kwa mtu mwingine. Tafuta namba za wanachama ambazo ni mwanzo wa namba nyingine, halafu angalia miamala yao.

---

kijana_wa_msimbo

Mkuu Mkaguzi, kama mfumo wa zamani unakata desimali kinyume na masharti, hilo si kosa? Tulihamishe kosa kwa makusudi?

---

Mama_Urari

Ndiyo mwanangu, lihamishe kwanza. Ukihama na kurekebisha kwa wakati mmoja, tofauti ikitokea hujui ni ya kuhama au ya marekebisho. Mfumo mpya utoe jibu la zamani hadi shilingi ya mwisho, mfunge miezi miwili ikilingana. Baada ya hapo mnaipeleka bodi: kanuni ilivyo ni hii, masharti yanasema hivi, athari kwa wanachama ni kiasi fulani. Bodi inaamua, mnaandika tarehe ya kuanza, na mikopo iliyotolewa kabla ya tarehe hiyo inabaki na kanuni yake. Kwa hiyo kila mkopo ubebe namba ya kanuni iliyotumika kuukokotoa. Fildi moja hiyo inaokoa ugomvi mwingi.

---

Seva_ya_Ghorofani

Naingia na mambo ya chini kwa chini, waya na umeme.

Programu hizi zinafungua DBF kupitia folda ya mtandao. Kompyuta za kisasa zinatunza sehemu ya faili kwenye kumbukumbu yake kabla ya kuirudisha kwenye seva, na hapo CDX inaharibika: karani anatafuta mwanachama hamwoni, akipekua orodha anamkuta. Tiba ya muda ni kujenga faharasa upya usiku. Baadhi ya vyama vimerudisha SMB1 (njia ya zamani ya Windows ya kushirikisha faili) ili programu itulie. Msifanye hivyo kwenye mtandao wenye intaneti. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilipita mlango huo huo.

Kikomo cha DBF moja ni GB 2. Rekodi ya baiti 200 inafika hapo kwenye rekodi kama milioni 10.7. Chama kinachopokea malipo kwa simu kinaongeza miamala haraka kuliko zamani, kwa hiyo angalieni ukubwa wa faili la miamala leo hii. Likipita GB 1.5, ratiba yenu haipangwi na bodi tena.

Saa. Seva za kukodi nyingi zinaendesha saa ya UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko mbele saa tatu. Muamala wa saa 7 usiku tarehe 1 unasomeka saa 4 usiku tarehe 31 ya mwezi uliopita, yaani umeangukia kwenye mwezi uliokwisha kufungwa. Tumieni timestamptz (aina ya fildi ya saa inayozingatia eneo) na eneo la Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi, halafu tarehe ya kihasibu iwe fildi yake ya pekee, isikokotolewe kutoka kwenye saa ya muamala.

Printa. Programu ya zamani inatuma herufi moja kwa moja LPT1 (mlango wa printa) kwenda printa ya nukta, Epson LX-300 na wenzake, stakabadhi inatoka kwa sekunde chache. Mfumo wa kivinjari unatuma PDF, printa ileile inachora picha mstari kwa mstari, na foleni inafika mlangoni. Ama mnunue printa za joto za milimita 80, ama muweke programu ndogo kwenye kompyuta ya karani inayopokea maandishi na kuyatuma ghafi. Hili lijaribiwe dirishani, siku ya mshahara, na karani mwenyewe.

---

Pwani_Takwimu

Salaam kutoka Mombasa. Mimi nataka kukataza kuhama kwote kwa usiku mmoja pale inapowezekana.

Mfano unaojulikana ni wa benki ya TSB, Uingereza. Aprili 2018 walihamisha wateja wao wapatao milioni 5.2 kutoka mifumo ya Lloyds (mmiliki wake wa awali) kwenda jukwaa la Sabadell (benki ya Hispania iliyoinunua), wikendi moja. Data yenyewe ilifika. Jukwaa ndilo halikubeba mzigo. Watu walifungiwa nje ya akaunti zao, na hali haikurudi kawaida hadi Desemba mwaka ule. Desemba 2022 wasimamizi wa fedha wakawatoza faini ya pauni milioni 48.65. Uchunguzi ulionyesha kwamba vituo vya data vilikuwa viwili, na majaribio ya mzigo yalifanyika kwenye kimoja. SACCOS ya matawi matatu ina somo lake hapo: ukijaribu makao makuu kwenye waya wa faiba, hujajaribu tawi linalotumia modemu ya simu.

Njia ninayoitetea ni kumega. Kipande cha kwanza kiwe cha kusoma tu: kila usiku nakala ya data inaingia PostgreSQL, na ripoti na ujumbe wa salio vinatoka huko. Hakuna anayeandika kitu, kwa hiyo hata kikikosea hakuna pesa iliyopotea, na ninyi mnapata miezi mitatu ya kuizoea data. Kipande cha pili, mapokezi ya malipo ya simu. Kisha akiba na hisa. Mikopo mwisho kabisa, kwa sababu alizozieleza Mkaguzi.

Sharti lisilovunjwa: kila salio liwe na mwenyewe mmoja. Siku akiba ikihamia mfumo mpya, skrini ya akiba ya zamani inafungwa siku hiyo hiyo. Mifumo miwili ikiandika salio moja, hakuna SQL ya kuwapatanisha.

Kwenye malipo ya simu, taarifa ya muamala mmoja inaweza kuletwa mara mbili, hasa seva yenu ikichelewa kujibu. Namba ya muamala iwekewe kizuizi cha upekee kwenye kanzidata yenyewe, msitegemee programu. Na mwanachama ataandika namba yake vyovyote: "417", "00417", "M 417", au namba ya simu ya mkewe. Kisichotambulika kiingie kwenye foleni ya kutazamwa na mtu, kisikataliwe wala kukisiwa.

---

Fundi_Leja

Naafiki kumega, ingawa chama cha wanachama mia nane na tawi moja kitahama kwa wikendi moja na kuwa salama, mradi kimefanya mazoezi. Mazoezi matatu kamili: la kwanza kugundua makosa, la pili kupima muda, la tatu lipite bila mtu kugusa kibodi nje ya maelekezo yaliyoandikwa. Kama la tatu limehitaji ujanja wa papo kwa hapo, linafuata la nne.

Kuhusu kuendesha sambamba: msiwalazimishe makarani kuandika kila muamala mara mbili. Wiki ya pili watachoka, wataandika jioni kwa mkupuo, na tofauti mtakazoziona zitakuwa za uchovu. Afadhali miamala ya zamani imiminwe kila usiku kwenye mfumo mpya, mfumo mpya ukokotoe riba na adhabu wenyewe, na asubuhi ripoti ya tofauti iwe mezani kwa mhasibu. Mfunge miezi miwili hivyo.

Wikendi yenyewe iwe baada ya mwezi kufungwa, mbali na juma la makato ya mishahara. Ijumaa saa 10 jioni dirisha linafungwa, malipo ya simu yanaelekezwa kwenye foleni. Saa 12 jioni nakala na SHA-256. Saa 2 usiku kupakia. Saa 5 usiku ulinganisho wa mwanachama mmoja mmoja unaanza. Jumamosi saa 3 asubuhi mhasibu anapitia tofauti. Saa 6 mchana ni saa ya kuamua, na mwamuzi awe mtu mmoja aliyetajwa kwa maandishi wiki moja kabla. Tofauti isiyoelezeka ikiwa hata moja, mnarudi. Kurudi mchana wa Jumamosi ni kazi ya saa moja: unafungua folda ya zamani na kuachia foleni. Kurudi Jumatano ni kuandika upya miamala ya siku tatu, kwa hiyo siku tano za mwanzo chapeni jarida la kila siku kwa mpangilio ambao karani anaweza kuunakili kwenye mfumo wa zamani.

---

Mzee_wa_DOS

Nawasoma kwa makini. Sisi ni FoxPro 2.6 ya DOS, kompyuta sita, wanachama kama 4,000. Aliyeandika programu alishafariki, msimbo hatuna, EXE tu (faili la kuendesha programu). Tuanze wapi?

---

Fundi_Leja

Pole Mzee, na shikamoo. Hali yako inafanyika.

Kwanza makazi ya muda. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, kwa hiyo usingoje kompyuta ya mwisho ife. Weka mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) yenye DOS au Windows ya biti 32, isiwe na intaneti, nakala yake ikichukuliwa kila usiku kwenda diski mbili, moja ikilala nje ya jengo.

Data yako inasomeka bila EXE. Baiti ya kwanza ya DBF zako itakuwa 03, au F5 pale penye maelezo marefu. Usizifungue kwa Visual FoxPro ukabadilisha muundo, zitageuka 30 na programu yako haitazifungua tena. Herufi zake huenda ni za ukurasa wa 437 (seti ya herufi ya DOS), mwambie msomaji wa data hivyo waziwazi.

Msimbo: EXE ya FoxPro inaweza kurudishwa kuwa msimbo unaosomeka kwa zana kama ReFox. Kabla ya hapo chukua mkataba uone haki ya programu ni ya nani. Kama ni ya familia ya marehemu, kaeni nao mpate ruhusa ya maandishi.

Kama msimbo haupatikani, kanuni utaitoa kwa kuihoji programu. Kwenye nakala, sogeza tarehe ya mashine pepe na uingize mikopo kumi na miwili ya mfano: kiasi kisichogawanyika, mkopo wa tarehe 31, mkopo unaovuka 29 Februari, malipo pungufu, malipo ya ziada, malipo yaliyochelewa siku moja, siku thelathini, siku tisini, mkopo uliolipwa wote kabla ya muda, mkopo uliofutwa na kurudishwa, mkopo juu ya mkopo, na mwanachama aliyejitoa akiwa anadaiwa. Piga picha kila skrini, chapa kila ratiba. Karatasi hizo ndizo mzabuni anapewa, na mfumo wake ukitoa namba tofauti na zilizoandikwa humo, hajamaliza kazi.

---

Mkaguzi_wa_Zamu

Mzee, ongeza mambo mawili kwenye mkataba wa mzabuni. Kwanza, chama kipate nakala kamili ya kanzidata kila mwezi kwa mpangilio unaofunguka bila programu yake, pamoja na maelezo ya kila jedwali na fildi. Pili, data ya majaribio. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika Tanzania tangu Mei 2023, na Kenya wana ya kwao ya 2019. Mpangaji programu hana sababu ya kutembea na majina, NIDA na madeni ya watu 4,000 kwenye laptop yake. Mpe nakala ambayo majina na namba za simu zimebadilishwa lakini kiasi na tarehe vimeachwa. Ulinganisho wenye majina halisi ufanyike kwenye seva ya chama, ofisini, mhasibu akiwepo.

---

Mzee_wa_DOS

Marahaba Fundi, asante na wewe Mkaguzi. Swali moja la mwisho: ile baiti ya kwanza naionaje bila kuharibu faili?

---

Fundi_Leja

Nakili DBF kwenda kwenye flashi, peleka kwenye kompyuta ya kawaida, fungua PowerShell na uandike Format-Hex ikifuatiwa na jina la faili. Ukiwa na PowerShell ya kisasa ongeza -Count 32, isimwage faili zima. Mstari wa kwanza, kushoto kabisa baada ya safu ya anwani, ndiyo baiti ya 0. Tatu zinazofuata ni mwaka, mwezi na siku ya mabadiliko ya mwisho, kwa heksa. Kama tarehe hiyo kwenye jedwali la miamala si ya jana au leo, huenda unatazama folda isiyo hai, tafuta ile ambayo makarani wanaitumia kweli.